Mstari wa Arobaini na Moja

Daftari langu lina mistari mia moja,
kila mstari ni tumbo la mtu,
na kila tumbo linadai saini ya Bi. Mhoja
ambaye kalamu yake haina haraka.

Wiki ya kwanza hakutupa wagonjwa.
Alitupa sisi kwa sisi:
Ndaki kitandani, shati juu, nami nimeshika probu
kama mtu aliyeazimwa yai.
Kioo kikajaa ukungu.
"Jana umekula nini?"
"Maharage, mwalimu."
"Basi mwenzako anapiga picha ya upepo."

Hewa inaficha. Maji yanasema.
Palipo peusi ni maji, au mkojo, au damu;
palipo peupe ni mfupa, au jiwe,
na jiwe usilitazame lenyewe,
tazama kivuli linachokiburuta nyuma yake.
Nikayaandika hayo kwa wino mwekundu,
nikadhani nimeshajua kuona.

Baba yangu, kule Sikonge, anarina asali.
Hafunui mzinga ovyo.
Hupanda, huweka sikio kwenye gome,
hugonga kwa kifundo cha kidole mara moja, mara mbili,
kisha huagiza ndoo, au hushuka bila neno.
Nilipomweleza kazi ninayosomea, simu ikikatikakatika,
alicheka: "Kumbe umekwenda Tabora mjini kugonga mizinga."
"Hapana, baba, hii inatumia umeme."
"Na nyuki je?"
Sikuwa na jibu.

Saa tatu asubuhi benchi limejaa wanawake waliobana mkojo.
Tumewaamuru wanywe lita nzima na wakae,
nao wamekaa, magoti pamoja, wakitutazama
kama wadeni wao.
Wametoka Uyui, wametoka Kaliua,
mmoja Urambo, juu ya lori la tumbaku.
Bi. Mhoja ameweka chupa ya jeli kwenye beseni la maji moto.
"Usimsalimu mtu kwa barafu," anasema.
Kisha: "Mwangaluka, mayu."
Ndipo probu.

Wa arobaini alikuwa na figo mbili safi. Rahisi.

Wa arobaini na moja alikuwa akifuma kofia pale benchini,
sufu ya njano, imefika nusu.
Miezi sita.
Nikapaka, nikashusha, nikalipata fuvu, duara jeupe, zuri,
nikapima paja, nikapima tumbo,
nikateremka kifuani,
pale ambapo sharti kitu kipepese.

Nikaongeza mwanga.
Nikageuza kiwiko.
Nikajilaumu: ni mkono wangu huu, ni pembe mbaya,
ni mashine yenyewe, vitufe vimefutika herufi.
Nikakandamiza kidogo zaidi.

"Anacheza?" akauliza.

Tulifundishwa: mwanafunzi hatoi majibu.
Tulifundishwa: uso nao ni mdomo, ufunge.
Niliufunga.
Sijui kama ulifungika.

Bi. Mhoja akaja nyuma yangu. Hakuninyang'anya probu.
Aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu,
tukatafuta pamoja, polepole, tukarudia,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba
ambayo anajua wenyewe wamehama.
Kisha akavuta kiti akaketi karibu na kichwa cha yule mama,
akachukua shuka kavu,
akamfuta jeli yote, mpaka ndani ya kitovu,
na hapo ndipo akanituma nimwite daktari.

Hilo halimo kwenye mtihani.

Jioni umeme ulikatika. Nikampelekea daftari dirishani.
Akatia saini ya arobaini, akaruka, akatia ya arobaini na mbili.
Kalamu ikarudi, ikasimama hewani.
"Huyu ulimwonaje?"
"Nilitazama pale panapopaswa kupepesa. Nikangoja."
"Ukangoja mpaka lini?"
"Mpaka ulipokuja."
Akaandika jina lake lote, si kifupi chake cha kila siku.

Kesho yake niliwahi kabla benchi halijajaa,
nikabandika maji ya beseni.